Kwenye Fomu ya Shule, Andika Kiswahili

Mama mmoja anayeishi katika kaunti ndogo ya mashambani huko Iowa, Marekani, ameniletea swali ambalo nimekutana nalo kwa sura nyingi, ila yeye amelieleza vizuri kuliko wote. Barua yake nimeifupisha hivi:

"Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha nyama. Juzi tuliitwa mkutano wa wazazi, mwalimu akagawa karatasi ya lugha za kaunti yetu: wanaosema Kiingereza tu, wanaosema Kihispania, na chini kabisa 'nyingine'. Kiswahili hakimo, ilhali kwenye jengo letu peke yake tuko familia tisa. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki. Nilipomwandikisha kitindamimba wangu chekechea, fomu iliuliza lugha ya nyumbani. Jirani akanionya, 'Usiandike Kiswahili, watamweka mtoto na wasiojua kitu.' Nikaandika Kiingereza. Ukweli ni kwamba nyumbani tunasema Kiswahili, na bibi yao akiwepo tunasema Kibembe. Binti yangu wa darasa la sita ndiye anatutafsiria kliniki. Je, nilikosea? Na tuanze kusema Kiingereza nyumbani ili watoto wasibaki nyuma?"

Mama, nianze na lililo la haraka. Fomu ile ulikosea, ila ni kosa linalorekebishika kwa dakika kumi. Nenda ofisi ya shule, omba fomu ya lugha ya nyumbani ya mwanao, andika upya. Hakuna adhabu. Jirani alikutakia mema, lakini ushauri wake umemkosesha mtoto msaada aliowekewa na sheria, na pia umezidi kuwaficha ninyi nyote machoni pa kaunti. Mambo hayo mawili yameshikana, na sidhani kuna aliyewahi kukaa nawe akakuonyesha yanavyoshikana. Basi nipe nafasi.

Karatasi mliyogawiwa mkutanoni na fomu uliyojaza ofisini ni vitu viwili mbalimbali, ingawa zote zinataja lugha ya nyumbani. Ile ya mkutanoni hesabu zake zinatoka Ofisi ya Sensa ya Marekani, kwenye utafiti uitwao American Community Survey. Kila mwaka utafiti huo hupelekwa kwenye anwani milioni 3.5 hivi nchi nzima. Ndani yake mna maswali matatu ya lugha, na yameulizwa kwa mtindo huohuo tangu sensa ya 1980. Je, mtu huyu nyumbani husema lugha nyingine isiyo Kiingereza? Ni lugha gani? Na Kiingereza anakisema kwa kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hakisemi kabisa? Huulizwa juu ya kila mwenye umri wa miaka 5 na kuendelea.

Hapo ndipo jirani yako alipochanganya. Swali la lugha ya nyumbani ni moja, swali la Kiingereza ni jingine. Kujibu "ndiyo" kwenye la kwanza hakumaanishi umekiri udhaifu kwenye la tatu. Mwaka 2019 watu milioni 67.8 nchini Marekani walihesabiwa kuwa wanasema lugha nyingine nyumbani (mwaka 1980 walikuwa milioni 23.1), na zaidi ya nusu yao waliandikwa kwamba Kiingereza wanakisema "vizuri sana". Wala huhitaji kwenda mbali kuwaona. Hapo Iowa, maeneo ya Kalona na Davis County, wako Waamish, wale wakulima wanaopanda vigari vya farasi. Mababu zao walianza kufika Pennsylvania karne ya 18. Hadi leo mtoto wao hulelewa kwa Kijerumani chao cha Pennsylvania, na Kiingereza hukijua barabara akianza shule. Akikua anauza mbao na jibini kwa Kiingereza kisicho na shaka, akirudi mezani kwake anasema lugha ya bibi yake. Kwenye jedwali la sensa huyo ni msemaji wa lugha nyingine, naye kwenye Kiingereza hapungukiwi na kitu.

Kuna jambo jingine kwenye swali la tatu ambalo watu wetu hawaambiwi. Ofisi ya Sensa ikitaka kujua nani ana shida ya Kiingereza, huchukua kila aliyejibu chini ya "vizuri sana". Yaani "vizuri" nayo imo upande wa wenye upungufu. Sasa fikiria baba wa Kikongo, au mzee wa kwetu Taita, Kenya, aliyelelewa kwa adabu. Muulize kama Kiingereza anakijua, atakwambia "najua kidogo tu", hata kama anasoma gazeti zima kwa Kiingereza. Kwetu mtu hajisifu. Kwa hiyo mmoja anaandika "vizuri" kwa unyenyekevu, mwingine anaandika "vizuri sana" kwa sababu anaogopa, na anayejaza fomu kwa kawaida ni mtu mmoja anayewajibia wote nyumbani, hata bibi aliyelala chumbani. Tena swali ni la kusema tu. Kusoma barua ya hospitali au kuandika barua ya kuomba kazi hakumo. Ukiletewa fomu hiyo, jibu kama ilivyo. Mtihani haupo, na kuijibu ni wajibu wa kisheria. Majibu ya nyumba moja moja yanalindwa na sheria, hayapelekwi kwa mwenye nyumba wala kwa mwajiri.

Sasa Kiswahili kimepotelea wapi? Nimeshughulika na majedwali haya kwa miaka mingi na bado nikilifikia swali hili naumia, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa akakusudia kuwafuta. Mmepungua hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza iko nyumbani kwenu. Fomu ya sensa inapokea lugha moja tu kwa kila mtu. Mwenye lugha mbili nje ya Kiingereza anaambiwa ataje ile anayoisema zaidi, na akishindwa kuamua, ataje aliyojifunza kwanza. Ninyi mna Kiswahili na Kibembe. Bibi ataandikwa Kibembe, wewe Kiswahili, na jirani yenu Mnyamulenge ataandika Kinyamulenge ingawa dukani na kanisani mnakutana kwa Kiswahili. Yupo atakayeandika "Kongo" au "Kiafrika", na hilo ni jina la mahali, halimwambii karani ni lugha gani. Familia tisa zinazoelewana kila siku kwa Kiswahili zimeshagawanyika kabla fomu haijatiwa kwenye bahasha.

Hatua ya pili ni bahati. Anwani milioni 3.5 kwa mwaka ni kama nyumba moja kati ya 40. Kaunti ndogo huongezewa kidogo, lakini tuhesabu kwa wastani huo. Katika nyumba zenu tisa, kwa miaka mitano mizima, itafikiwa moja hivi. Moja! Na kwa kaunti yenye watu chini ya 65,000, Ofisi ya Sensa kwa kawaida haitoi hesabu ya mwaka mmoja. Inatoa ya miaka mitano iliyochanganywa pamoja. Familia iliyofika mwaka jana imo kwenye chungu kimoja na mwaka ambao hapakuwa na Mkongo hata mmoja mjini. Ndiyo maana pembeni ya kila namba kuna namba nyingine ndogo inayoonyesha kosa linaweza kufika wapi. Karatasi ikisema watu 60, na namba ya pembeni ikasema 70, maana yake ni kwamba huenda mko 130, huenda hamko kabisa. Mwalimu aliyechapa karatasi ile huenda aliiacha namba ya pembeni ili ukurasa usijae. Ukiiomba atakupa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowamaliza. Kabla ya 2016, Kiswahili, Kiamhari, Kiyoruba na nyinginezo zote zilitiwa kwenye mstari mmoja ulioitwa lugha za Kiafrika. Mwaka huo majedwali yalibadilishwa, na Kiswahili kikapewa mstari unaokitaja kwa jina, pamoja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Nilifurahi siku ile. Lakini mstari huo uko kwenye jedwali la kina, linalotolewa kwa nchi nzima, kwa majimbo na kwa maeneo makubwa. Kwa kaunti hutumika jedwali fupi, C16001. Humo Kihispania kina mstari wake, Kichina, Kivietinamu, Kikorea, Kitagalogi na Kiarabu vina mistari yao, Kijerumani cha Waamish kimo pamoja na Kijerumani cha wengine, na Kiswahili kimetiwa kwenye "lugha nyingine na zisizotajwa". Sababu waliyotoa ni kulinda siri: mahali penye watu wachache, ukikata jedwali vipande vidogo unaweza kumtambua mtu. Sababu ninaielewa. Matokeo yake ni kwamba mkuu wa kliniki akiifungua karatasi ya kaunti yenu anasoma "nyingine", na "nyingine" haimwambii amtafute mkalimani wa lugha gani.

Basi ni wapi ndani ya kaunti yenu ambapo Kiswahili kinaweza kuhesabiwa kwa jina lake, nyumba kwa nyumba, bila bahati nasibu, mwaka huuhuu? Ni kwenye ile fomu ya shule. Kila mtoto anayeandikishwa lazima aulizwe lugha yake ya nyumbani. Haichaguliwi nyumba moja kati ya 40. Ni hesabu kamili ya watoto wote, na jina la lugha linaandikwa kama mzazi alivyolitaja. Wewe uliandika Kiingereza. Kama wanane wengine walimsikiliza jirani huyohuyo, msimamizi wa shule akiulizwa ana watoto wangapi wa Kiswahili atajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Hakuna." Hatakuwa amesema uongo.

Turudi kwa mtoto. Ukiandika Kiswahili, hapelekwi popote siku hiyo. Shule inatakiwa kumpima kwanza. Iowa hutumia mtihani wa ELPA21, unaopima kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Akionekana Kiingereza chake kinatosha, mambo yameishia hapo, anaendelea na darasa lake. Akionekana bado, anaingizwa kwenye mpango wa msaada wa Kiingereza, nawe unatakiwa uarifiwe kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, uelezwe amepimwaje na atasaidiwa vipi. Kisha atapimwa kila mwaka hadi afike ngazi ya kutosha, halafu anatoka. Ukiona msaada haufai unaweza kuukataa, ingawa kupimwa kila mwaka kutaendelea. Kurudishwa darasa la nyuma kwa sababu ya Kiswahili hakumo katika utaratibu huu.

Sitaki kukupamba na maneno matamu. Shule za mashambani mara nyingi zina mwalimu mmoja wa Kiingereza anayezunguka shule mbili tatu, na msaada wenyewe huwa nusu saa huku na nusu saa kule. Kwa hiyo usiishie kutia saini. Uliza: ni saa ngapi kwa wiki? Anamtoa darasani wakati wa somo gani? Nani anafuatilia kama anaendelea? Una msingi wa kuuliza hivyo. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka kwa familia za Kichina za San Francisco, iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi kinachosemwa. Na mwaka 1981 ikaja kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard, ambayo mimi huipenda zaidi kwa sababu ilitoka Raymondville, mji mdogo wa mashambani kusini mwa Texas. Mahakama ya rufaa ikaweka vipimo vitatu: mpango uwe na msingi unaokubaliwa na wataalamu, upewe walimu na vifaa vya kuutekeleza kweli, na baada ya muda upimwe, na ukionekana haufanyi kazi ubadilishwe. Shule kuwa ndogo hakuiondolei wajibu huo.

Huenda umesikia kwamba mambo yamebadilika. Iowa ilipitisha sheria ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 2002, na Machi 1, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya lugha rasmi ya nchi nzima, akafuta amri ya Bill Clinton ya mwaka 2000 iliyoziagiza ofisi za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Hayo ni kweli na yana uzito. Lakini amri ya rais haifuti sheria ya Bunge wala hukumu ya mahakama. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ipo, na wajibu wa shule kwa mwanao upo.

Woga wa jirani yako nao hapo Iowa una mizizi mirefu, na pengine hata yeye hajui. Mei 23, 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Gavana William Harding alitangaza kwamba Kiingereza pekee ndicho kitakachosemwa shuleni, kwenye mazungumzo ya hadharani, ndani ya treni, kwenye simu na makanisani. Asiyejua Kiingereza akasali nyumbani kwake. Lengo lilikuwa Wajerumani, lakini likawapata pia Wadenmaki, Wanorwe, Waholanzi na Wacheki waliokuwa wamejaa mashambani. Simu za vijijini wakati huo zilikuwa za waya mmoja kwa nyumba nyingi, jirani akiinua mkono wa simu anasikia yote. Katika Scott County wanawake wanne walitozwa faini ya dola 225 kwa kuzungumza Kijerumani kwenye simu. Wanawake wa shamba, wakiongea na wenzao! Miaka mitano baadaye, mwaka 1923, Mahakama ya Juu ilizifuta sheria za majimbo zilizokataza kuwafundisha watoto lugha za kigeni. Kesi kubwa ilitoka kijiji cha Hampton, Nebraska, ambako mwalimu Robert Meyer alikuwa ametozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani. Sheria ya Iowa ya namna hiyo ilianguka siku hiyohiyo. Lakini kwa miaka mitano hiyo wazazi wengi walikuwa wameshajifunza kunyamaza mbele ya watoto wao. Wajukuu wa watu hao ndio majirani zenu wanaoandikwa "Kiingereza tu", na wengi wao wanasikitika kwamba barua za babu kwenye sanduku hawawezi kuzisoma.

Nami ninaandika haya nikikumbuka kibao. Katika shule moja ya msingi niliyosoma Taita, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kidawida alivalishwa kipande cha ubao shingoni, akatembea nacho hadi amkamate mwenzake. Nilikivaa kwa kusema "mama". Sikujifunza Kiingereza upesi zaidi kwa sababu hiyo. Nilijifunza kunyamaza.

Ndiyo maana swali lako la mwisho nalijibu bila kusita: msihamie Kiingereza nyumbani. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu mwisho wa miaka ya 1970 kwamba kuna Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha kitabuni. Cha uwanjani mtoto hukipata kwa miaka miwili hivi, naye akicheza na wenzake utadhani amezaliwa nacho. Cha kitabuni, cha kueleza sababu, kulinganisha na kuandika hoja, humchukua miaka mitano hadi saba. Hapo katikati ndipo watoto wetu wanapoanguka, kwa sababu mzazi na mwalimu wote wamedanganyika na ulimi mwepesi. Kinachomvusha ni lugha yoyote anayoielewa kwa kina, maana akili iliyozoea kueleza sababu kwa Kiswahili haianzi upya kujifunza maana ya sababu ikifika kwenye Kiingereza.

Fikiria siku unapopika sombe. Mtoto amekaa jikoni anauliza kwa nini majani yanatwangwa kwanza, na kwa nini yanachemka muda mrefu hivyo huku njaa inamuuma. Kwa Kiswahili unaweza kumjibu: majani ya muhogo yana sumu ndani yake, ukiyatwanga unaipasua ile sumu itoke, ukiyachemsha wazi, bila kifuniko, inakwenda na mvuke, ndiyo maana hatuyali mabichi. Kisha mawese, kisha chumvi, na kwa nini mawese hayatangulii. Umemfundisha sababu na matokeo, utaratibu wa hatua, na kemia kidogo. Sasa jaribu kumweleza hayohayo kwa Kiingereza ulichonacho leo. Utasema "majani mabaya, pika sana", basi. Mtoto atakuwa amepewa Kiingereza kibovu badala ya Kiswahili kizima, na mwalimu wake atakuwa na kazi mbili. Kiingereza kizuri kipo shuleni, kwenye maktaba ya mji na kwa wenzake, hakitamkosa. Msomee Kiswahili, hata Biblia, hata ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi. Na bibi aendelee na Kibembe chake, maana hakuna mwingine mjini atakayempa mtoto lugha hiyo.

Juu ya binti yako na kliniki, hilo hukuliuliza lakini siwezi kulipita. Mtoto wa darasa la sita anapoketi kati ya mama yake na daktari, anatafsiri maneno ambayo hata kwa Kiswahili hajayasikia, na mengine anayaruka kwa aibu. Unaweza kumeza dozi isiyo yako kwa sababu mtoto aliona haya kutaja damu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani anayefaa, bure, na kanuni za huduma za afya zinakataza kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa dharura. Mkalimani wa Kiswahili mjini kwenu huenda hayupo, lakini wapo kwa simu na kwa video. Sema unapoweka miadi, usingoje siku ya kufika. Taja pia aina: mkalimani wa Kiswahili cha Kongo kama yupo, kwa sababu kuna maneno ya mwili na ya ugonjwa ambayo mtu wa Mombasa na mtu wa Fizi hawaelewani mara moja. Binti akae nje asome kitabu chake.

La kupiga kura nitaligusa tu, kwa siku mtakapokuwa raia. Sheria inayozilazimisha kaunti kuchapa karatasi za kura kwa lugha nyingine inazitaja jamii chache: wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wenyeji wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo hata mkiwa elfu kumi. Ila sheria hiyohiyo inamruhusu yeyote asiyeweza kusoma karatasi ya kura kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe amsaidie, ilimradi si mwajiri wake au mjumbe wa mwajiri wake, wala wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa mji wenye kiwanda kimoja kikubwa, sharti hilo mlikumbuke.

Basi wiki hii nenda shuleni. Mwambie karani: fomu ya mwanangu niliijaza vibaya, nyumbani tunasema Kiswahili, naomba niirekebishe, na naomba apimwe. Kama Kiingereza chako hakifiki hapo, omba mkalimani wa simu. Shule nayo inatakiwa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kwenye nafasi ya lugha andika "Swahili", kwa sababu kwenye orodha zao ndivyo kinavyoitwa. Usiandike Kongo wala Kiafrika. Pakiwa na nafasi ya pili, andika Kibembe. Na kabla hujaondoka nyumbani, wagongee mlango wale wanane wengine, kila mmoja umuulize aliandika nini.